Sketi Isiyo na Marinda

Mwaka jana, katika shule moja ya msingi jirani na Kilosa mjini, Mwalimu Deogratias alimpigisha magoti Doto mstarini, mbele ya shule nzima, kwa sababu sketi yake haikuwa na marinda. Mama yake, Kishiwa, fundi cherehani wa Chanzuru, alimwomba Mungu amlipie.

Ijumaa moja Mwalimu akaja kibandani kwake na kitambaa cha bluu. Binti yake Imelda alikuwa amechaguliwa kiranja mkuu.

"Mama Doto, nishonee sketi ya Jumatatu. Imelda ataipitia asubuhi."

Kishiwa alikipima kitambaa kwa macho. Marinda hula kitambaa, na hiki hakikutosha hata nusu. Angeweza kumwambia.

"Itakuwa tayari, Mwalimu," alisema, akaishona bila rinda hata moja.

Jumatatu Imelda aliivaa mbiombio palepale kibandani, akakimbilia shule. Kishiwa alimfuata. Mwalimu wa zamu, mkaguzi wa sare siku hiyo, alikuwa baba yake Imelda. Aliiona ile sketi, akasita, kisha akageukia mstari wa pili.

"Mwalimu!" Kishiwa aliita kutoka kwenye michongoma. "Kumbe ile sheria ilikuwa ya Doto peke yake?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu alimrudia binti yake.

"Imelda, piga magoti."

Imelda alipiga magoti akilia, macho yake kwa fundi wake. Kishiwa alimshukuru Mungu, akabaki amesimama hadi mtoto wa mwisho alipoingia darasani, asikose kuona hata kidogo.