Blanketi ya Mke Mwenza

Hapana, hakuna mwizi. Blanketi ile ya mkewe aliichukua Babu Vitus mwenyewe, mwezi wa saba, kule Mufindi, wakati sakitu, ule umande ulioganda, inaunguza mpaka majani ya chai. Akaenda nayo bwawani, akaifunika injini ya boti yake, akaikaza na kamba kama mtoto mgongoni.

Sababu alikuwa nayo. Kesho yake wakwe walikuwa wanatoka Kihesa kuleta mahari ya mjukuu wake, Eveline, na daraja lilishabebwa na mvua za masika. Boti isipowaka, wakwe watabaki ng'ambo wanaangalia moshi wa jikoni tu. Aibu gani hiyo.

Tumpe, fundi wa Mbeya, alishamwambia kwenye simu, sauti juu, nyumba nzima inasikia: afungue koki, amwage maji yote ya injini, maana maji yakiganda yanavimba, chuma kinapasuka. Babu akacheka. Mashine imefanya kazi kutwa, halafu uilaze na kiu? Yeye anaifunika, basi.

Asubuhi anafika bwawani, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa unga, injini iko uchi. Na pale ukingoni amekaa mkewe, Bibi Marta, amejitanda blanketi.

"Marta, umeniua."

"Nimekuokoa, baba Rozalia. Blanketi inamfaa mwenye damu. Ona hii."

Akampa chupa ya soda. Jana jioni alikuja kuchukua blanketi yake, aliyopewa kwenye mahari ya huyo Rozalia, binti yao, akaona afungue na koki kabisa. Maji ya injini akajaza chupa moja, akaifunga, aone kama Tumpe ni mwongo. Sasa chupa ilikuwa imepasuka ubavu mzima, barafu imetokeza. Babu akaushika ule ufa, kisha akaenda mwenyewe kuichungulia koki.

Wakafunga koki, wakajaza maji ya uvuguvugu, Babu akazungusha hendeli. Mara ya tatu ikakohoa, ikawaka. Marta akapiga kigelegele peke yake.

Wakwe wakavushwa wote, pamoja na mbuzi wao. Mahari ikatolewa, na blanketi mpya ya bibi, kama ilivyo desturi. Marta akaikunjua, akainusa, kisha ile ya zamani akamtupia mzee.

"Hii mpelekee mke mwenzangu kule bwawani. Ila umtoe maji kwanza."

Mshenga alicheka mpaka akasahau hotuba yake, ikawa nafuu, maana ilikuwa ndefu. Babu akaikalia blanketi, akanawa mikono, ugali ukafika na kuku wake, na watu wote, hatimaye, wakakaa wakala.