Milioni Sitini za Uchakavu

Kiti cha kwanza kilimpata Mboni begani. Cha pili kikapita juu ya kichwa chake na kuvunja kioo cha dirisha nyuma ya meza kuu. Hakuona nani aliyekirusha. Alichoona ni midomo, safu kwa safu ya midomo iliyoachama, yote ikitoa neno moja: "Mwizi!"

Mboni alikuwa mhasibu wa kiwanda cha barafu pale Kilwa Masoko, kampuni iliyoanzishwa kwa hisa za watu wenyewe: wavuvi wa Kinjumbi, wakulima wa korosho wa Tingi, wachuuzi wa pweza wa mjini. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Tingi, na mama yake alinunua hisa kwa korosho za msimu mzima. Kwa miaka sita wanahisa walisubiri gawio la maana. Mwaka huu biashara ilikuwa nzuri, kila mtu aliyaona malori yakipakia samaki. Basi watu walikuja mkutanoni wakiwa wamekwisha kulitumia gawio lao vichwani, huyu kwa bati za nyumba, yule kwa mahari ya mwanawe. Liliposomwa, likawa dogo la kuchekesha.

Wiki moja kabla, mwenyekiti wa bodi, Abdulwahab, alikuwa amemfuata Mboni ofisini na kufunga mlango. Abdulwahab alikuwa mtu wa watu. Hakosi msibani, hakosi harusini, na mwaka huo alikuwa akiutaka udiwani.

"Mboni mwanangu," alisema, "huu uchakavu unatuumiza. Mtambo tulinunua milioni mia sita, wewe kila mwaka unakata sitini kwenye faida. Kwa nini? Mbona unapiga kazi kama mpya? Andika utaishi miaka ishirini. Uchakavu unakuwa thelathini, faida inapanda, watu wanapata chochote."

"Fundi aliyeufunga alisema miaka kumi, Mwenyekiti. Na mabomba chumvi imeshaanza kuyala. Nikiandika ishirini tutagawana hela leo, halafu siku mtambo ukilala hatuna cha kununulia mwingine."

"Siku hiyo iko mbali."

"Imebaki miaka minne."

Abdulwahab alitabasamu, akampigapiga begani, akatoka. Mboni akadhani yameishia hapo.

Sasa siku ya mkutano, ukumbi wa kiwanda ukiwa umejaa mpaka madirishani, aliyesimama wa kwanza kuuliza alikuwa mzee Kibwana wa Kinjumbi, mvuvi mwenye mabega mapana na sauti isiyohitaji kipaza sauti.

"Binti, hapo uliposoma uchakavu wa mtambo, milioni sitini. Alipewa nani?"

"Hakupewa mtu, mzee."

"Basi ziko benki."

"Hapana. Benki hazipo."

"Kwa hiyo hakupewa mtu, na hazipo."

Ukumbi ulicheka, kicheko kibaya. Mboni akajitahidi. Akasema uchakavu si malipo bali ni gharama, kwamba mali hushuka thamani kadiri inavyotumika. Akataja na milioni tano za kibali cha kutumia ufuo, ambacho nacho thamani yake inapungua mwaka hadi mwaka kwa kuwa kilitolewa kwa miaka minane tu. Aliyasema yote kama alivyofundishwa chuoni, na kila sentensi ilizidi kumzamisha.

"Hata karatasi inachakaa?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. "Kibali kimefungiwa kabatini, nani amekivaa?"

Mboni akamgeukia Abdulwahab. Mwenyekiti alikuwa ameelezwa jambo hilo mara nyingi, alilielewa vizuri, na sentensi yake moja ingetosha. Abdulwahab akavuta kipaza sauti taratibu.

"Ndugu zangu, mimi si mhasibu. Hata mimi nimeuliza, nikajibiwa hivyohivyo. Huyo hapo, muulizeni yeye."

Ndipo viti viliporuka.

Walimtoa nyuma ya meza kwa kumburuta kwa mtandio. Mtu alimpiga teke la mbavu, mwingine akamkanyaga vidole. Kibwana alimshika mkono wa kushoto akaupinda mgongoni, akimuuliza sikioni, "Ziko wapi? Ziko wapi?" na Mboni alipojaribu kujibu, mkono ukavunjika. Aliusikia mlio wake kabla ya maumivu, kama kuni kavu. Akapiga ukelele ambao hakujua kama ni wake. Wanawake aliokuwa akiwaamkia kila asubuhi sokoni walisimama juu ya viti ili waone vizuri.

Aliyemwokoa alikuwa Tomaso, fundi wa mtambo, mtu mfupi mwenye ovaroli iliyojaa grisi. Aliwapasua katikati kwa spana kubwa, akawagonga wawili vichwani, akambeba Mboni kama gunia na kupita naye mlango wa pembeni unaoingia chumba cha mtambo. Akasukuma komeo.

"Pumua, dada," alisema. "Polisi wamepigiwa simu."

Lakini nje hasira ilikuwa imepata pa kwenda. Sauti ya Kibwana ilisikika ikisema kwamba kama mtambo ndio unaokula milioni sitini kila mwaka, basi leo utazitapika. Mlango ulipigwa kwa benchi mara ya kwanza, ya pili, ukang'oka. Wakaingia na nondo, na Kibwana mbele yao ameshika mtaimbo.

"Msiguse mabomba!" Tomaso alipaza sauti. "Jamani, humo kuna gesi! Itatuua wote!"

Mtu akamjibu kwa nondo ya mdomo. Kibwana akainua mtaimbo na kuushusha juu ya mtambo kwa nguvu zake zote, akaurudia tena na tena. Chuma kililia. Bomba lililoliwa na chumvi likapasuka, na amonia ikatoka nyeupe, kwa mlio uliofunika kelele zote.

Waliokuwa mbele walianguka wakifikicha macho. Waliokuwa nyuma waligeuka wote kwa pamoja, wakakanyagana mlangoni, na wanaume wazima wakapita juu ya migongo ya wenzao. Mboni alikuwa sakafuni, karibu na pipa la maji. Koo lilimwasha kama amemeza makaa. Akauchovya mtandio wake majini, akajifunga usoni, akaanza kutambaa kwa mkono mmoja. Alimwona Tomaso akienda kinyume na wote, damu zikimtoka mdomoni, kuelekea kwenye koki kubwa ukutani. Alimwona akiizungusha. Kisha moshi ukamfunika.

Karibu na mlango mkono wa Mboni uligusa mwili wa mtu anayekoroma. Akaukamata ukosi wa kanzu, akavuta. Alivuta huku mkono uliovunjika ukining'inia na kumpiga ubavuni, akatapika, akavuta tena, mpaka wote wawili wakaangukia mchangani nje kwenye jua. Alipomgeuza yule mtu akaona ni Kibwana. Alimtazama kwa muda.

Mlio wa gesi ulikoma. Tomaso alikuwa ameifunga koki. Walipoingia kumtoa, mikono yake ilikuwa bado imeishika, naye amekwisha kufa.

Baada ya siku chache Mboni alikwenda hospitalini kubadilishiwa bandeji za vidole, mkono ukiwa umefungwa hogo la plasta. Akapita wodi ya wanaume. Kibwana alilala amefunikwa macho yote mawili, na mkewe, Saida, akimnywesha uji. Saida alipomwona Mboni aliweka kikombe chini akatazama sakafu.

"Shikamoo," alisema Mboni, kwa mazoea tu.

"Marahaba. Nani?"

"Mboni."

Kibwana akauliza, bila ukali, "Niambie basi. Zile hela zilikwenda wapi?"

Mboni akaketi kwenye ukingo wa kitanda cha jirani.

"Mashine yako ya boti ulinunua lini?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Hela ulitoa siku ileile. Lakini mashine haikuisha siku ileile. Kila ukienda baharini unatumia kipande chake. Ukiuza samaki wako ukasema yote hii ni faida, ukaila yote, siku mashine ikifa una nini?"

"Sina kitu."

"Milioni mia sita zilitoka siku tulipoununua mtambo, nawe ulikuwapo, ulikula pilau. Sitini ni kipande tulichotumia mwaka huu. Hakupewa mtu mwaka huu kwa sababu waliotuuzia walikwisha lipwa. Na kibali ni hivyohivyo, tulilipia miaka minane kwa mkupuo, kila mwaka unaopita tunabaki na mmoja pungufu."

Saida akaanza kulia kwa sauti ya chini. Kibwana akageuza uso wake uliofungwa kuelekea sauti ya Mboni.

"Mtambo ulikuwa umebakiza muda gani?"

"Miaka minne. Mmeimaliza mchana mmoja."

Jioni hiyo Abdulwahab alibisha hodi nyumbani kwa Mboni. Hakutaka hata maji. Alisema polisi wanaulizauliza, na vijana wengi wa watu watakwenda jela, na Kibwana kipofu atafia huko. Kulikuwa na njia nyepesi.

"Wewe mwenyewe ulisema mtambo umechakaa, mabomba yameliwa na chumvi. Andika hivyo. Ulichakaa, ukapasuka wenyewe. Mungu alipanga."

"Tomaso je?"

"Tomaso ajali kazini."

Mboni alisikia mkono ukimpwita ndani ya hogo. "Uchakavu ni kitu kinachokuja polepole, Mwenyekiti, na mtu unakitarajia. Mtambo huu ulivunjwa. Nitaandika ulivunjwa, na polisi nitawaambia ulivyosema kwenye kipaza sauti."

Abdulwahab aliinuka. Akiwa mlangoni aligeuka akamzaba kofi lililomwangusha juu ya stuli. "Mtoto wa Tingi huna adabu," akasema, akaondoka. Asubuhi Mboni alikwenda polisi na shavu limevimba.

Mkutano wa pili ulifanyika chini ya ulinzi wa askari. Abdulwahab alikaa meza kuu kwa mara ya mwisho. Mboni alisoma hesabu upya, safari hii bila lugha ya chuo. Alipofika kwenye mtambo alisema, "Thamani iliyobaki, milioni mia mbili na arobaini. Yote imefutwa. Mtambo umevunjwa na watu."

Kibwana alisimama, ameshikwa mkono na Saida. Jicho moja tu ndilo lililopona. "Mtaimbo niliushika mimi," alisema. "Mkono wa huyu binti niliuvunja mimi. Hakuna aliyenituma kwa maneno, lakini nilimsikia mwenyekiti, na nilifurahi kumsikia."

Hakuna aliyemzomea. Kisha katika safu ya mbele akainuka Salome, mjane wa Tomaso, amevaa nguo nyeusi.

"Mtambo umesomwa. Mume wangu mmemwandika wapi?"

Mboni alifungua kinywa. "Hesabu hizi hazina mahali pake, dada Salome."

Salome alitikisa kichwa kana kwamba ndilo jibu alilolitarajia. Akavua kiatu chake cha mbao, akapanda jukwaani, akampiga Abdulwahab nacho usoni. Pua ikapasuka. Akampiga tena, na tena, na Abdulwahab akajikunja chini ya meza akiita askari, na damu ikamwagika kwenye shati lake jeupe. Askari walichelewa kufika, na Mboni aliyekuwa amesimama hatua mbili tu kando yao hakunyoosha mkono wake mzima. Salome alipochoka alikaa chini papo hapo jukwaani akalia.

Siku hiyo walikubaliana kuuza lori la kampuni na kila kilichosalia, na fungu la kwanza likaenda kwa Salome na watoto. Kibwana alipelekwa mahabusu alasiri ileile. Abdulwahab alifuata, kwa kosa la uchochezi, baada ya kushonwa pua.