Mapishi Nyuma ya Karatasi za Lori

Tangu mke wangu Lavonne afe, feni za banda la nguruwe zinavuma kwa sauti yake. Ukungu wa Iowa unalala juu ya mahindi mpaka dirishani, nami nakaa jikoni namsikia akiniambia nivue buti.

Kidonda kidogo cha mguuni ndicho kilichomuua. Walimpa dawa ya kwanza, ya pili, ya tano; vijidudu vikazinywa kama maji. Hospitali wakasema vimezizoea. Nani aliyevizoesha? Sikusoma, lakini sikuzaliwa jana. Banda ni langu, nguruwe ni wa kampuni, chakula ni chao, na dawa zilezile za kuua vijidudu huja zimeshachanganywa humo, mzima na mgonjwa wanakula sawa. Wakubwa wanavuna, sisi tunazika.

Jumanne akaja Maren Hovland, daktari wa mifugo wa jimbo, kupima hatari yenyewe: dawa zipi, kiasi gani, tangu lini. Alikwisha kupita mashamba kumi na moja. Kote karatasi za orodha ya dawa zinazokuja na lori la chakula zilichomwa, ndivyo kampuni inavyoagiza. Asubuhi ileile Rodney, msimamizi wa kampuni, alinipigia simu kunikumbusha kuwa mwenye mdomo mrefu hubaki na banda tupu.

"Nawe ulichoma, mzee Verlyn?" Maren akauliza.

"Ningechoma, ila mke wangu alikuwa bahili, binti. Hakuachia moto karatasi yenye mgongo mweupe."

Nikashusha kopo la biskuti. Miaka kumi na minne: mbele dawa na tarehe, nyuma mwandiko wake. Pai ya maboga. Matango ya siki. Supu ya viazi, na chini yake: *Verlyn anasema hapendi kitunguu. Mtilie tu, hatajua.*

Maren akacheka, kisha akaona uso wangu.

"Nikipiga picha, kampuni itazikataa," akasema taratibu. "Nahitaji karatasi zenyewe. Sijui kama zitarudi."

Nilizishika muda mrefu. Nje feni zikavuma, zikavuma. Halafu nikamsukumia kopo lote.

"Chukua kabla sijawa mjinga."

Ijumaa malori ya kampuni yakaja, yakawabeba nguruwe wote. Rodney akazima feni kwa mkono wake mwenyewe, hakunitazama.

Kimya kikaja mpaka jikoni, cheupe kama ukungu. Nikasubiri kuambiwa nivue buti. Nikazivua mwenyewe, nikaweka viazi motoni, nikamenya kitunguu.