Mtaro Uliopanda Kilima

Mambo yaliharibika siku ya Ijumaa, tarehe kumi na sita mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na nne, mbele ya wakubwa wote na mbuzi wakiwa tayari jikoni.

Siku hiyo maji ya mlimani yalikuwa yafike kijijini. Wakubwa walikuja kutoka Voi kwa Landrova, akina mama wa Kasigau wakaimba mpaka koo zikakauka, mchungaji akayaombea mabomba. Kisha mkubwa mmoja mwenye kofia akaufungua mfereji wa bomba uliosimama mbele ya nyumba ya mzee Zephaniah. Mfereji ukakohoa. Ukatoa pumzi ya moto, ukatema mjusi mkavu, ukanyamaza. Watu wakausubiri kama mtu anavyomsubiri mwenye kigugumizi amalize neno lake. Neno halikuja.

Mwenye kofia akapangusa mikono ambayo haikulowa. "Jumatatu kamati inakaa Wundanyi," akasema. "Kama maji hayajatoka, mabomba haya yatang'olewa yapelekwe Chala. Wenzenu huko wanayangoja." Wakaingia garini wakaenda zao. Mbuzi hawakuonjwa na mgeni hata mmoja.

Zephaniah alibaki ameukodolea macho mfereji ule. Haukuwa wake, lakini ulikuwa wa Tryphena, mke wake, mwenyekiti wa akina mama, aliyebeba mawe ya tangi kichwani na kusema kwamba mfereji wa kwanza utakaa hapa, ili wazee wa bondeni wasipande tena kisimani. Mwaka jana, kabla mtaro wa mabomba haujachimbwa, alikwenda kisimani alfajiri akakutana na ndovu njiani. Walimleta nyumbani maiti, kwa machela ya matawi. Tangu hapo Zephaniah hakumpenda mtu yeyote anayeketi nyuma ya meza.

"Ni nyinyi hao hao," alimwambia chifu, Mwandawiro. "Mnapanga maisha yetu kwenye karatasi, na karatasi haina kiu."

"Zephaniah, mimi sikupanga," chifu akajibu. "Walipanga watu wa maji. Halafu serikali ikasema mipango yote itoke wilayani. Wilaya ikasema tuulize kijiji. Kijiji ni nyinyi."

"Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Ulikuwa msibani. Nani angekuuliza?"

Zephaniah akageuza maneno hayo kichwani kama mtu anayetafuta upande wa mbele wa blanketi. Hakuupata.

Asubuhi ya Jumamosi akapanda mlimani na Wamalwa, fundi wa mabomba aliyewahi kufanya kazi reli huko Voi, na Priscilla, mdogo wake Tryphena. Waliufuata mtaro kutoka kwenye chanzo. Maji yalikuwepo, ukiweka sikio juu ya bomba ungeyasikia yakikimbia. Wakashuka nayo mpaka kwenye jabali kubwa, na hapo mtaro ukaacha mteremko, ukakata kushoto, ukapanda bega la kilima, juu kuliko chanzo chenyewe.

Wamalwa akavua kofia. "Mzee, nyinyi Wataita mna maji yanayopanda mlima?"

"Nyinyi wa Bungoma mna midomo inayopanda tu," Zephaniah akamjibu. "Si wewe uliyelaza mabomba?"

"Mimi nililaza palipochimbwa. Nilimwuliza mkubwa wangu, mbona tunapanda. Akaniambia, fundi, wewe funga tu, vipimo si kazi yako. Nani aliwaambia wachimbe hapa?"

"Masale," Priscilla akasema.

Wamalwa akamtazama kama aliyetajiwa jina la karani asiyemjua. Priscilla akamwonyesha kwa kidole: majani marefu ya kijani yaliyosimama kando ya mtaro, hatua kwa hatua, mpaka juu ya bega. Wapimaji walikuja wakapiga vigingi vya mbao, akaeleza, wakaondoka, wakakaa miaka bila kurudi. Mchwa wakaanza kula vigingi. Ndipo Tryphena akawatoa akina mama, wakapanda masale kando ya kila kigingi, kwa kuwa sale halifi upesi, na hakuna Mtaita atakayeling'oa. Ndivyo mipaka ya mashamba ilivyotunzwa tangu mababu. Siku ya kuchimba, chifu alisema fuateni masale. Wakafuata.

"Sasa wapimaji walipiga vigingi kupanda kilima?" Wamalwa akauliza.

Hapo Zephaniah akawa ameshainama. Chini ya jabali, kuelekea bondeni, kulikuwa na masale mengine. Kiangazi kilikuwa kimeyakausha hata wachimbaji wasiyaone, lakini mashina yalikuwa bado yamesimama, na kando ya moja kulikuwa na kigingi kilichobaki kama jino bovu, chenye rangi nyekundu. Mstari huo ulishuka vizuri, njia ambayo hata mtoto angemwaga maji yakafika.

"Huu ndio wa wapimaji," Wamalwa akasema. "Tukichimba hapa leo na kesho, Jumatatu mnakunywa. Lakini ule wa juu ni wa nani?"

Zephaniah alirudi kwenye mstari wa juu. Akalishika sale la kwanza, akafukua kidogo. Yalikuwa mashina mawili pamoja, yamefungwa kwa uzi wa katani. Akaenda kwenye la pili: mawili, katani. Katika kijiji kizima ni mtu mmoja tu aliyepanda masale mawili mawili. Alisema moja likifa, lingine litabaki kusema.

Akarudishia udongo kwa kiganja.

"Shemeji," akasema polepole, "mstari huu ni wa dada yako."

"Naujua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Alirudi kutoka mkutano wa Voi, akachukua panga, akapanda peke yake. Nilimwuliza. Akasema, acha."

"Huko Voi nani alimwambia?"

"Hakusema."

Zephaniah akateremka na mstari wa chini, akihesabu lawama. Chifu? Mwenye kofia? Wapimaji? Kila mmoja alimfaa, na hakuna aliyetosha. Kisha akasimama. Mstari wa wapimaji ulipita mbele kabisa ya pango, lile ambamo mafuvu ya vichwa vya mababu yalipangwa yakitazama nje. Vichwa vilivyobaki kulinda mlima wakati Mzungu alipowahamisha watu wa Kasigau wote kwenda pwani. Tangu kanisa lije, hakuna aliyelitaja pango hilo mchana. Tryphena mwenyewe alikuwa wa Umoja wa Akina Mama wa kanisani, na kitambaa chake cheupe.

Mtaro ungepita mlangoni. Wachimbaji wangekanyaga hapo hapo.

"Basi alivikwepa vichwa hivi," Wamalwa akasema kwa sauti ya chini.

"Au kuna mtu alimdanganya kwamba maji yatapanda," Zephaniah akasema. "Yeye hakuwa mjinga."

Huko chini watu walikuwa wamekwisha kufika na majembe, chifu akiwa mbele, wakingoja kuonyeshwa pa kuchimba. Wamalwa akatwaa jembe moja kwao, akamnyooshea Zephaniah. Zephaniah akalipokea, akarudi nalo mpaka kwenye kigingi chekundu, akalishika juu yake, halafu akageuka kuyatazama masale mabichi yanayopanda kilima, mawili mawili.

"Tryphena," akasema, "ulitaka tupite wapi?"