Membe wa Barabara ya Beni

Waliohudhuria asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Aprili mwaka 2000, kwenye kilima kilicho juu ya kizuizi cha barabara ya Beni, mwishoni mwa mji wa Butembo, walikuwa hawa: Mwalimu Syauswa, mwenye daftari, Mama Berthe, mshonaji, Zorobabel, dereva wa pikipiki, Kapteni, mkuu wa kizuizi, aliyekuja na kiti chake, na wasafiri thelathini na saba wenye mizigo.

Bahari ilifika saa kumi na mbili na nusu, ikatulia chini ya mikaratusi, penye mashamba ya vitunguu. Wenye mashamba walikuwa wamekwisha kuvuna, kwa kuwa ilikuja kila mwaka mwezi huo.

Shakwe walitangulia, wakafuatwa na ndege wengine wa bahari, membe, wote wakielekea kaskazini. Kila kundi lilitua kizuizini, likapanga mstari na kungoja askari ainue mti uliofunga barabara. Wangeweza kupita juu yake, lakini walipenda utaratibu, jambo ambalo Mwalimu aliliheshimu. Aliwaandika katika ukurasa wa Ndege. Ukurasa wa Watu ulikuwa mtupu tangu Januari.

Mama Berthe alifunua beseni lake. Ndani mlikuwa na gauni jeupe la harusi ya Jumamosi.

"Capitaine, mutoto wangu Jemima anaolewa samedi, kule Beni. Robe yake ni hii. Atavaa nini?"

"Mama, batu hapana kupita. Ni ordre ya mukubwa."

"Na hizi ndege?"

"Ndege haziko batu."

"Donc, Mama, omba Mungu akuoteshe manyoya!" alisema Zorobabel, na wasafiri wakacheka.

Mama Berthe hakucheka. Alilitandaza gauni mabegani, akashuka, akasimama nyuma ya membe kumi na mmoja. Aliyekuwa mbele yake alisogea kidogo kumpa nafasi.

"Aina?" aliuliza askari.

"Membe."

"Unaenda wapi?"

"Kaskazini, sawa na benzangu."

Askari alimtazama Kapteni. Kapteni alitazama orodha ya mambo yaliyokatazwa, hakuona membe. Mti ukainuliwa. Mwalimu akaandika: membe, kumi na wawili.

Waliruka pamoja. Mama Berthe alipaa kiasi cha mita mbili juu ya vumbi, beseni likiwa kwapani, na kwenye kona ya kwanza akainama kushoto kama wengine. Zorobabel alinung'unika kwamba amepokonywa abiria.

Kapteni alihakiki hesabu, akaikuta sahihi, akatia saini. Hapo Mwalimu Syauswa alisimama, akawageukia wasafiri.

"Mama na baba, musikilize. Ruhusa ya batu haiko, na hatujui itakuja lini. Tumeamua hivi: kuanzia sasa, kila anayeenda Beni ataandikwa membe. Mupange mustari, hapana kusukumana."