Resistance Yenye Msimamo

Débora alikuwa amerudi kwa mama yake, huko Mudzipela, kwa sababu moja: bwana wake hasikii la mtu. Mama Honorine hakutaka mbuzi wala wazee wa kuomba radhi. Alimpelekea mkwe wake Kamate mashine yake ya kutotolesha mayai, taa zimekataa kuwaka, na neno fupi: "Tengeneza hii. Vifaranga vikitoka, muke yako anarudi."

Kamate alikuwa fundi redio sokoni Bunia tangu ujana, na hajawahi kukiri kwamba kuna kitu asichokijua. Alikuta waya umekatika, akauunga kwa risasi ya kuyeyusha, taa zikawaka. Angeishia hapo, angepata mke. Lakini akaona kidude cheusi, kidogo kama mbegu ya pilipili, kinaning'inia karibu na trei ya mayai. Akakipima kwa mita yake ya umeme. Katika baridi ya asubuhi namba ilikuwa juu. Alipokishika kwa vidole ikashuka. Alipokipulizia pumzi ikashuka tena.

"Hii iko mugonjwa," alimwambia jirani yake Assani, muuza simu. "Resistance gani inabadilika juu ya pumzi?"

"Pengine njo kazi yake. Uliza kwanza."

"Niulize nani? Weye?"

Akachokonoa televisheni iliyokufa, akatoa resistance mbili, vile vidude vya kuzuia umeme. Resistance ya kaboni aliisogeza kwenye mbabula ya makaa ya muuza mahindi, namba ikalegea kidogo, akaitupa. Ile ya buluu, ya metali, yenye namba ileile ya asubuhi, ilivumilia makaa mpaka vidole vyake vikashindwa, namba ikabaki palepale.

"Huyu njo mwanaume," akasema, akaiunga mahali pa kile kidude.

Kumbe kidude ndicho kilichokuwa ngozi ya mashine. Joto likipanda, namba yake inashuka, na mashine inajua kwamba sasa izime taa. Kwa resistance isiyotikisika, mashine iliamini kwamba ni asubuhi ya baridi mchana kutwa. Iliporudishwa kwa Mama Honorine na kupangwa mayai, ikawasha taa, haikuzima.

Jumapili, baada ya ibada, Kamate alifika kwa wakwe na shati lililopigwa pasi. Mama Honorine alimtolea kiti kizuri, akamwekea sahani ya mayai, akamenya moja mbele yake. Lilikuwa gumu mpaka katikati.

"Kula, mukwe wangu. Hayakuona hata sufuria."

Débora alikuwa amesimama mlangoni, valizi ya nguo imefungwa, kitambaa kizuri kichwani. Alitaka kwenda.

"Baba Plamedie," akamwambia mumewe taratibu, "sema tu ulikosea. Neno moja, twende."

Kamate alitazama yai. Alimtazama mkewe, kisha valizi. Jasho lilimtoka mpaka kola ikalowa.

"Hayo mayai," akasema, "yalikuwa mabovu tangu kwa kuku."

Débora aliinama, akachukua valizi yake, akairudisha ndani.

Mama Honorine akamsogezea mkwe wake chumvi.