Katoto ka Kiboko ka Irambona

Minye sikukapenda kale kanyama hata siku moja, niseme ukweli. Kiboko ni kiboko, hata kakiwa kadogo kama mbuzi. Lakini weye jaribu kumwambia binti yangu Irambona, wa miaka tisa! Mama ya kale katoto alikufa kwenye matete ya muto Ruzizi, na toka siku ile Irambona anakapelekea matembele kila akitoka masomo. Anapiga bidoni tupu ya maji kwa kijiti, ko-ko-ko, kanatoka majini, kanakula mukononi mwake. Nilimuchapa, akarudi. Nilimukataza kwa jina la Yezu, akarudi tena.

Ijumaa jioni Papa Nizigama, mukubwa wa walinzi wa mpunga, akapita nyumba kwa nyumba. "Kesho jua likishuka, tunapiga bidoni wote pamoja, tufukuze viboko kwenye mpunga. Kiboko atakayekimbia, tumuache. Atakayekuja mbele yetu, huyo amezoea watu, tunamuchoma mukuki." Ndivyo tunavyofanya siku zote huku Sange.

Irambona alikuwa ameacha kula, bugali inapoa mbele yake. "Mama, kangu kakisikia bidoni, kanakuja."

"Na weye utakimbia kukakinga, si ndiyo?"

Yezu wangu! Mutoto wangu ninamujua. Angeingia katikati ya mikuki.

Sikupata usingizi. Asubuhi nikamuvuta mpaka mutoni. "Piga," nikamwambia. Akapiga. Kakatoka mbio, masikio yanachezacheza, kanatafuta matembele. Nikakatupia jiwe. Kakashituka, lakini kakaenda kujificha nyuma ya Irambona! Nikaacha, nisije nikampiga mutoto.

"Ni weye wa kukafukuza," nikasema. "Minye hata nikatupie milima yote, jioni kakisikia bidoni katafikiri ni weye unakaita."

"Siwezi, mama."

"Basi watakachoma mbele ya macho yako."

Akalia mpaka makamasi. Akapiga bidoni, kakamusogelea, akakatupia jiwe puani. Kakafungua kinywa, kakidhani ni chakula. Akapiga tena, akatupa tena, anapiga kelele, "Toka! Toka, sikupendi!" Mara ya tano hakutupa kitu. Kalisikia bidoni tu, kakageuka, kakajitumbukiza majini.

Jioni bidoni zikalia shamba kwa shamba. Nilimushika Irambona mulangoni. Giza halijaingia, Papa Nizigama akapita na mukuki wake begani.

"Wamekimbia wote," akasema. "Kale kadogo ndiko kalitangulia!"

Nikapiga makofi, nikacheka peke yangu kama mujinga. "Umesikia? Kako kazima! Kamepona!"

"Nimesikia, mama," Irambona akasema. "Kameamini kwamba sikapendi."